Winga Anachezea Timu Gani?

Ndugu msomaji, mimi ni mwandishi ambaye bado hajatoa kitabu. Nasema mapema usije ukalitafuta jina langu kwenye maduka ya vitabu ukachoka bure. Nilichonacho ni kaunta buku nne, kalamu za bluu, na riwaya iliyofika sura ya saba ikagoma. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na tangu hapo nimekuwa mtu wa Kariakoo mchana na mtu wa riwaya usiku.

Sura tatu za mwanzo nilimpelekea Mwalimu azisome. Mwalimu ni jirani yetu hapa Jangwani, mstaafu. Alifundisha Kiswahili miaka mingi, na mpaka leo hawezi kusoma hata gazeti bila kalamu nyekundu mkononi. Alikaa nazo wiki mbili. Aliponirudishia, kurasa zilikuwa zimetapakaa wekundu utadhani kuku kachinjiwa juu yake. Nukta nimesahau, sentensi nimezirefusha, mhusika mmoja nimembadili jina katikati ya njia. Hayo niliyazoea tangu shule.

Lakini kwenye sura ya pili, pale nilipoandika kwamba Sudi alikuwa winga anayejulikana mtaa mzima wa Kongo, Mwalimu alilipigia mstari neno winga, akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Anachezea timu gani?"

Nilicheka, wallahi. Nikaenda nayo kijiweni, washikaji wakaisoma kwa zamu, mmoja akaangukia benchi. Mzee wa watu kadhani Sudi ni mcheza mpira! Siku mbili tukawa tunasalimiana hivyo: "Oyaa, winga, unachezea timu gani?"

Usiku wa siku ya pili kicheko kikaniishia. Niko kitandani, taa imezimwa, swali linanirudia, na safari hii halichekeshi. Makala hii ni jaribio langu la kulijibu.

*

Tuanze na mpira wenyewe, maana neno limetoka huko.

Winga ni mchezaji wa pembeni. Waingereza walilitoa kwenye bawa la ndege. Timu ikijipanga uwanjani, wa katikati ndio kiwiliwili, na wale wawili wa kulia na kushoto ndio mabawa. Enzi za namba za zamani wa kulia alivaa saba, wa kushoto akavaa kumi na moja. Kazi yake ni kukimbia karibu na chaki, kumpita beki wa pembeni, halafu kumimina majalo mbele ya goli ili mwenzake afunge. Redio ikitangaza goli, jina linalotangulia ni la straika. Winga muda huo yuko chini nje ya chaki, anajipangusa vumbi.

Sisi tuliokulia Jangwani tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Klabu ya Yanga ipo hapo hapo kwetu, na mashabiki wake wanaitwa watoto wa Jangwani hata kama mtu kazaliwa Tukuyu. Baba yangu alinilea kwa hadithi za Edibily Lunyamila, winga wa kushoto wa miaka ya 1990, jinsi alivyokuwa akiondoka na mpira mabeki wakabaki wanatazamana. Mimi mwenyewe nilimuona Simon Msuva kabla hajaondoka Yanga mwaka 2017 kwenda kucheza Morocco. Na kwenye chandimu letu la viwanja vya Jangwani, mpira wa makaratasi na magoli ya matofali, nilikuwa winga. Sikuchagua. Wembamba tulipelekwa pembeni, wenye miili wakakaa katikati, na mwenye mpira akawa straika hata kama hajui kupiga.

Sasa toka Jangwani kwa mguu. Baada ya muda mfupi uko mtaa wa Msimbazi, makao ya Simba. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na kati ya nyumba za watani hawa wawili ndipo lilipolala soko la Kariakoo. Uliza bei ya nyanya Jumatatu baada ya mechi yao, utajibiwa matokeo kwanza. Si ajabu basi kwamba soko lililobanwa na klabu mbili namna hiyo linaongea kwa lugha ya mpira. Asiyepewa kazi anasugua benchi. Mdaiwa anayekukwepa anakupiga chenga. Ofisi inayokwambia njoo kesho, njoo keshokutwa, inakupiga danadana. Na kijana anayekudaka kona ya Kongo na kukuuliza "Unatafuta nini, mama?" huyo ni winga.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Winga wa Kariakoo hana duka. Hana meza. Hana hata kipande cha turubai chini kama machinga. Anacho mdomo, miguu, simu, na ramani ya soko kichwani. Wewe unatafuta pazia za rangi ya maziwa. Yeye anajua ziko ghorofa ya tatu, jengo lisilo na kibao, kwa mtu anayeshusha kontena. Anakupeleka. Duka linauza 40,000, yeye kakutajia 50,000, wewe umeshusha mpaka 47,000 na unajiona mjanja. Ukishaondoka, mwenye duka anachukua yake 40,000 na winga anapewa 7,000. Hiyo tunaiita cha juu. Wengine siku hizi hata kona hawasimami. Wanapiga picha mali ya dukani, wanaweka WhatsApp, wateja wa Mbeya na Lubumbashi wanaagiza, na mali inapanda basi bila mnunuzi kuligusa soko.

Kwa nini tukajiita mawinga? Majina yalikuwepo. Kuna dalali, neno la Kiarabu, la heshima tangu zama za minada. Lakini dalali tunayemjua sisi ni yule wa vyumba, anayetaka kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango tu, kwa hiyo jina limeshachafuka. Kuna mpiga debe wa stendi, ila lake lina kelele ya bati ndani yake. Machinga anafukuzwa. Mwaka 2021 walipoondolewa mabarabarani nchi nzima, meza zao ziliondoka nao. Winga sio hao. Winga ana namba mgongoni. Winga yumo kwenye timu. Akipita, watu wanasimama. Kijana aliyefeli, asiye na mtaji, anayelala wanne chumba kimoja, ukimpa jina hilo unamuongezea inchi mbili za urefu.

Najua kwa sababu mimi ni mmoja wao. Riwaya hailipi, ndugu msomaji. Mimi ni winga wa mtaa wa Kongo, mwaka wa sita huu.

*

Siku ya kwanza nilipomwambia mama kwamba nimepata kazi Kariakoo, aliniuliza kazi gani. Nikasema winga. Akaangalia miguu yangu, akasema, "Ya mpira? Na hicho kifua chako?" Nikamweleza. Akanyamaza akichambua mchicha, halafu akasema, "Kwa hiyo unauza kitu ambacho si chako, kwa mtu asiyejua bei." Nikamwambia, "Mama, hiyo ndio biashara." Akasema, "Haya."

Nilichukia ile "haya" yake. Nikatafuta utetezi, na utetezi nikaupata kwa Mwalimu huyo huyo, kwenye kitabu chake kimoja chakavu cha historia ya mpira. Mwaka 1953 kule Wembley ilichezwa fainali ya Kombe la FA, Blackpool na Bolton. Blackpool walikuwa nyuma 3–1. Winga wao wa kulia, Stanley Matthews, alikuwa na miaka 38, umri ambao wenzake wengi wameshatundika viatu. Akaanza kumpita beki, anamimina, anampita tena, anamimina. Blackpool wakashinda 4–3. Magoli matatu alifunga Stan Mortensen, la mwisho akafunga Bill Perry, mzaliwa wa Afrika Kusini. Matthews hakufunga hata moja. Na mpaka leo fainali ile inaitwa fainali ya Matthews!

Hadithi hiyo niliipeleka kijiweni ikapokelewa kama sala. Ikawa kinga yetu. Mteja akilalamika, mama akinuna, askari akitusogeza, tunasema: hao hawajui, magoli yote ya Kariakoo yanaanzia pembeni. Tena lenyewe jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliowabebea mizigo Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mahali hapa pamepewa jina la watu waliobeba vya wengine. Sisi tukajiona warithi wao halali.

Ndivyo nilivyokuwa nimejipanga. Halafu ikaja Januari ya mwaka 2023.

*

Januari Kariakoo ni mwezi wa sare. Ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, lakini shati halikufutwa, sketi haikufutwa, viatu havikufutwa. Wazazi wanamiminika toka Kisarawe, Bagamoyo, Mkuranga, karatasi ya mahitaji mkononi. Kwa winga huo ndio msimu wa mvua.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, kanga mbili, ndala za bluu, amesimama kona akisoma vibao vya maduka kwa kufuatisha herufi na midomo. Nikamuwahi kabla wenzangu hawajamuona.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini, mama yangu?"

"Marahaba mwanangu. Natafuta nguo za shule. Binti yangu kafaulu kwenda kidato cha kwanza."

Neno kafaulu alilitamka taratibu, kama mtu anayeshika yai. Nikampongeza. Nikambebea mfuko. Njiani akaniambia wanatoka ndani huko, ukishuka Mkuranga unapanda bodaboda, na kwamba huyu ni wa kwanza kwao kufika sekondari. Nikamwambia hata mimi nimesoma sekondari. Akafurahi. Akasema basi Mungu kamleta kwa mtu anayejua.

Mashati mawili, sketi mbili, viatu, sweta. Bei ya duka 80,000. Naijua kama ninavyojua jina langu. Nikamtajia 95,000. Akaomba sana. Nikajifanya kumbembeleza mwenye duka, nikageuka na uso wa huruma, nikamwambia basi mama, kwa ajili ya binti, 92,000. Akageukia ukuta, akafungua pindo la kanga, akahesabu mara mbili. Noti zilikuwa zimekunjwa ndogo ndogo na zilinuka moshi wa kuni.

Cha juu 12,000. Kwa mteja mmoja, saa nne asubuhi. Bomba!

Nikamsindikiza mpaka anapopandia daladala la Mbagala. Si kwa wema, ilikuwa njia yangu. Pale akasimama akahesabu alichobaki nacho, akahesabu tena. Akaniita kwa aibu. "Mwanangu, samahani. Nina elfu tatu. Nauli ya huku na bodaboda ya kule hainifikishi. Kama unayo elfu mbili, nitakuombea."

Nikaingiza mkono mfukoni. Nikatoa elfu mbili. Nikampa.

Ndugu msomaji, yule mama alinishika kichwa. Pale pale stendi, watu wanapita, makonda wanaita, akaniwekea mkono kichwani kama mtoto wake na kuniombea. Kwamba nisipungukiwe. Kwamba mkono wangu unaotoa usikauke. Kwamba mama aliyenizaa abarikiwe. Nami nimesimama, nimeinamisha kichwa, na elfu kumi zake nyingine ziko mfukoni mwangu.

Sikumuita. Daladala lilijaa likaondoka. Jioni nikanunua chipsi kuku.

*

Sasa unaelewa kwa nini swali la Mwalimu lilinitoa usingizi.

Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa barazani, redio sikioni. Kuta za nyumba yake, kama zetu zote za huku bondeni, bado zina mstari wa kahawia wa mafuriko ya Desemba 2011. Amepaka rangi mara mbili na unarudi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umesahihisha?"

Nikamwambia kwa adabu kwamba lile neno winga labda hakulielewa. Nikaanza kumweleza kuhusu Kariakoo, cha juu, mtaa wa Kongo. Akazima redio. Akaniacha nimalize.

"Mimi nanunua mchele Kariakoo tangu baba yako hajaoa," akasema. "Unadhani sijui winga ni nani? Nimekuuliza anachezea timu gani. Hujanijibu."

Nikabaki nimeduwaa. Tulicheka siku mbili, kumbe tunajicheka wenyewe.

Akaendelea, kama yuko darasani. "Ukikopa neno, kopa lote. Winga wa mpira ana jezi. Watu wote uwanjani wanaiona. Anapomimina ule mpira, anammiminia mwenye jezi kama yake. Sasa huyu Sudi wako. Mteja anadhani Sudi ni wa timu yake, amemsaidia kutafuta. Mwenye duka anadhani Sudi ni wa timu yake, amemletea mnunuzi. Mmoja wao anadanganyika. Kwenye riwaya yako sijui ni nani. Wewe mwandishi unajua?"

Nikajitetea kwa Matthews. Akacheka. "Umesoma ukurasa mmoja ukafunga kitabu. Ungefunua mbele ungekuta mwaka 1966. Alf Ramsey aliwaacha mawinga nje, Uingereza ikashinda fainali ya Kombe la Dunia bila winga hata mmoja uwanjani. Siku wenye maduka watakapojua kutumia simu vizuri, watawafanyia hivyo hivyo."

Hapo nikaona nimpige pa kuuma. Mwalimu ni Yanga wa kadi. "Na Shiza Kichuya je, Mwalimu? Tarehe 1 Oktoba 2016. Yanga tunaongoza 1–0, dakika za mwisho, Kichuya anapiga kona, mpira unakwenda moja kwa moja wavuni. Hakuna aliyeugusa. Winga kafunga mwenyewe!"

Mwalimu akafumba macho. Jeraha halijapona lile.

"Sheria inaruhusu," akasema polepole. "Tangu mwaka 1924 goli la kona ya moja kwa moja ni halali. Lakini ubao wa matokeo uliandika nini? Uliandika Simba 1, Yanga 1. Haukuandika Kichuya 1." Akanirudishia redio yake niishike, akachukua kaunta buku yangu, akapapasa ule mstari mwekundu. "Hata anayefunga peke yake anaifungia timu. Ndio maana nimekuuliza."

Nilitaka kumsimulia habari ya yule mama. Mdomo ukafunguka, ukafunga. Nikaaga.

*

Sikuacha kazi. Ningependa kukuandikia kwamba niliacha, ingekuwa hadithi nzuri, lakini kodi ya chumba haisomi hadithi. Nilichofanya ni kidogo. Nilianza kumwambia mteja mapema: "Mama, mimi ni winga. Duka sio langu. Bei ya dukani utaisikia kwa mwenye duka mwenyewe. Mimi utanipa elfu tatu ya miguu."

Wiki ya kwanza wengi walikimbia. Walidhani ni utapeli mpya. Mtu amezoea kuibiwa kwa ustaarabu, ukimwambia ukweli anashika pochi. Wenye maduka wawili waliniambia nisirudi, maana bei zao hawataki zisikike barabarani. Washikaji walininunia. "Unaharibu soko," wakasema, na mmoja akaniita mchungaji, jina likanishika miezi mitatu. Mwezi ule nilipata karibu nusu ya nilichozoea.

Baadaye akatokea mfanyabiashara mmoja wa kike wa Lubumbashi. Alikuwa akitafuta vitenge, yeye akiviita bitenge, na alikuwa ameshapigwa na mawinga wawili siku hiyo hiyo. Nilipomwambia elfu tatu ya miguu alinitazama muda mrefu. Akazunguka na mimi kutwa. Jioni akanilipa zaidi ya elfu tatu, akachukua namba yangu. Huwa ananipigia mzigo ukihitajika. Si kila mwezi, lakini ananipigia. Na akipiga hasemi "yule winga". Anataja jina langu.

Sisemi mawinga wote ni wezi. Kuna mawinga wanaomuokoa mgeni asipotee kwenye lile pori la maghorofa, wanaojua kitambaa kipi kinachuja rangi na kiatu kipi kitafunguka soli kabla ya Pasaka. Ujuzi huo una bei yake na ni haki yao kulipwa. Wala sisemi cha juu ni dhambi. Duka nalo linaweka cha juu chake, na mwenye kontena chake. Ninachosema ni kwamba sisi tulichukua neno tamu kutoka uwanjani, tukachukua mbio, chenga na shangwe, tukaiacha jezi. Na neno lisilo na jezi linaweza kumficha mtu asijione. Mimi lilinificha. Kama siku ile ya Januari ningekuwa najiita kwa jina jingine, kali zaidi, labda mkono wangu ungesita kidogo kabla ya kutaja 95,000. Lakini nilikuwa winga. Winga anapita mabeki, na yule mama nilimpita kama beki.

Wenzangu mnaoandika, hili nawaachia. Tunapenda kuyaokota maneno ya mtaani na kuyamwaga kwenye hadithi zetu ili zinukie mjini. Ni vizuri, mimi siwezi kuandika bila hayo. Ila kila ukiliokota moja, liulize swali la Mwalimu. Nani alilianzisha, linambembeleza nani, linamfunika nani. Kwenye riwaya yangu sikulifuta neno winga. Sudi bado ni winga. Ila sura ya saba iliyokuwa imegoma imeanza kwenda, kwa sababu sasa najua Sudi anaogopa nini. Anaogopa mtu atakayemuuliza.

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye kaunta buku yangu ya nne, ukurasa wa mwisho, nimeandika: mama wa Mkuranga, sare, 10,000. Noti iko ndani ya ukurasa huo. Imeshatolewa mara mbili siku za njaa ikarudishwa, kwa hiyo sio noti ile ile, lakini deni ni lile lile. Jina lake sikumuuliza. Kila Januari nasimama kona ile ile nikitazama wanaoshuka na karatasi mkononi.

Binti yule, kama hajaachishwa shule, sasa anajua kusoma kitu kama hiki. Basi kama ni wewe, uliyevaa sketi mbili za bluu na sweta kutoka Kariakoo Januari 2023, na mama yako alirudi na habari za kijana mwema aliyemuongezea nauli, naomba umsomee makala hii yote, usiruke. Halafu mje mtaa wa Kongo. Ulizieni winga anayetembea na kaunta buku kwapani. Wataanza kwa kucheka, kisha watawaonyesha.